Jina Lililongoja Kileleni

Ndugu zangu, ukitaka kuona asubuhi njema, fika kijiji cha Burungu, huku Masisi, katika mwezi wa saba, likizo kubwa ikiwa imeanza. Mvua imekwisha, na nyasi za malisho hushika umande mpaka jua likomae. Asubuhi ya namna hiyo familia ya Semana ilikuwa uani, imevaa nguo za Jumapili katikati ya juma. Mama wa nyumba, Mukabaranga, alifunga viazi vya kuchemsha katika majani ya mgomba. Binti mkubwa, Isimbi, alimvalisha mdogo wake Estelle viatu. Majirani walisimama njiani kuwatazama, na Semana, mfugaji mwenye sifa, alipenda kutazamwa.

Walikuwa wakienda kupanda mlima. Katika ukoo wa Semana, mtoto akimaliza shule ya msingi, nyumba nzima hupanda naye hadi kilele kilicho nyuma ya kijiji. Huko hunywa maziwa ya chansi, chombo cha mti alichochonga babu yake, kisha huita kwa sauti majina ya wakubwa wake, akianza na la baba. Viangazi viwili vilivyopita risasi za vita ziliwafungia njia. Sasa njia ilikuwa wazi, na Isimbi alikuwa na sertifika yake, hati ya kumaliza shule. Semana hakutamani kitu kuliko kusikia jina lake likitoka kinywani mwa bintiye, juu ya vilima vyote vya Masisi.

Lakini Semana alikuwa mlevi. Nasema wazi, kwa sababu kuficha ndiko kulikoleta haya yote. Siku ya Pasaka aliapa mbele ya mkewe kwamba ameacha kanyanga, ile pombe kali ya magendo. Hakuacha. Asubuhi hiyo, wengine wakivaa, alimwagia mbwa maziwa yaliyokuwa ndani ya chansi, akajaza humo kanyanga ya kunywa njiani, akakifunika kwa kifuniko cha ukindu.

Wafugaji mnajua uzito wa jambo hilo. Chansi hakitiwi kitu ila maziwa. Hata maji hakitiwi. Semana alilijua tangu utoto. Ila alijiambia kwamba ng'ombe wake wako malisho ya juu: angetangulia, angemwaga kilichobaki, angekamua, na hakuna ambaye angejua. Mlevi hakosi mipango.

"Nitabeba miye mwenyewe," alisema. "Chansi ya papa yangu Mbonigaba haibebwe na kila muntu."

Jirani yao Agathe akacheka. "Papa Isimbi, leo unatembea kama shefu wa groupement, mukubwa wa vijiji vyote!"

"Shefu njo anatembea kama miye," Semana akajibu, na watoto wakapiga makofi.

Walipanda. Kila penye kona Semana alisalia nyuma, akapiga funda, akafuta midomo.

"Papa Isimbi, juu ya nini unabakia nyuma?" mkewe akauliza.

"Ninachunga njia."

"Njia iko mbele, papa," Isimbi akasema, na wote wakacheka. Semana pia alicheka, ingawa miguu yake ilikuwa imeanza kubishana naye. Kutangulia hakukuwezekana tena.

Karibu na kilele wingu liliwashukia. Upepo ukawa baridi, njia ikapotea. Estelle alikuwa amekataa viazi tangu asubuhi. Alikuwa akingoja maziwa. Sasa aliketi kwenye nyasi, midomo imepauka, hajibu akiitwa.

"Leta chansi," Mukabaranga akasema.

"Ile ni ya kilele. Desturi inasema—"

"Desturi haisikie baridi. Mutoto anasikia. Leta!"

Mukabaranga alikichukua mikononi mwa mumewe, akafunua, akamimina katika kikombe, akakisogeza kwa mtoto. Estelle aligeuza uso.

"Mama," akasema kwa sauti ndogo, "inanuka kama papa."

Mukabaranga alirudisha kifuniko polepole, kama anayefunika maiti, akamkumbatia mtoto ndani ya kitenge chake.

Ndipo ng'ombe akalia ndani ya ukungu. Semana aliijua sauti hiyo: alikuwa Gaju, ng'ombe wake mwekundu, aliyempokea kwa mikono yake siku alipozaliwa.

"Ngojeni! Nitakamua!"

Alinyakua kikombe, akakimbia, akapiga goti ubavuni mwa ng'ombe. Mikono ilitetemeka. Gaju alinusa pumzi yake, akarudi nyuma, akapiga teke. Kikombe kilibingirika, naye Semana akaangukia mavi ya ng'ombe akiwa amevaa koti lake la Jumapili.

"Papa, toka," Isimbi akasema. Hakuwa na hasira, na hilo lilimuuma Semana kuliko teke.

Katika nyumba ile wanawake hawakuwa wakikamua. Lakini Isimbi alikuwa ametazama miaka mingi. Alifuta kikombe kwa nyasi, akamwita Gaju kwa mwito uleule aliofundishwa na baba yake, akamshika taratibu. Gaju akatulia. Maziwa aliyoachiwa ndama yalitoka, yakiwa ya moto. Estelle alikunywa mpaka akaota ndevu nyeupe.

"Ongeza," akasema. Mama yake akacheka na kulia pamoja.

"Turudi?" Mukabaranga akauliza.

"Tumalize, mama," Isimbi akajibu, akashika njia mbele yao wote.

Kileleni wingu lilipasuka. Chini yao yalionekana malisho, mashamba ya maharage, na mabati ya mji wa Kitshanga yakimeta. Isimbi alisimama juu ya jiwe.

"Miye ni Isimbi! Isimbi wa..."

Akakitazama chansi.

"Isimbi wa Mukabaranga! Mujukuu wa Mbonigaba!"

Kisha akamgeukia baba yake. "Jina yako, papa, nitaiita siku utapanda na chansi ya maziwa. Sikuifuta. Inangoja."

Chansi kile kilioshwa, kikafukizwa kwa moshi wa nyasi, harufu haikutoka. Semana akaanza kuchonga kingine. Mwanzoni mikono yake ilipasua kila gogo. Mukabaranga aliketi naye jioni zote, akimshikia taa, bila lawama. Kadiri pombe ilivyomtoka, patasi ilitulia.

Mwezi wa saba uliofuata walipanda tena. Chansi kipya kilikuwa na shingo ya upande, na Agathe alikitania kijiji kizima kikisikia. Lakini kileleni Isimbi alifunua, akanusa, akanywa, akapanda juu ya jiwe lake.

"Isimbi wa Semana!"

Vilima vikamrudishia: Semana... Semana... Mwenye jina alimpa Estelle maziwa yaliyobaki, kwa mikono isiyotetemeka.

Funzo la Jina Hili

Enyi wazazi wa Masisi, na wa kila mahali: mlevi hudhani amebeba siri, kumbe amebeba njaa ya mtoto wake. Heshima hairithiwi kama chombo, wala haivaliwi kama koti. Huchongwa kila siku kwa mkono mkavu. Aliyeanguka msimfiche, wala msimfute. Mwekeeni jina lake, na mumshikie taa alichonge upya.