Mgongo wa Fundi Shaabani

Jamani watu wa Buyenzi, hili nawaambia nikiwa na uchungu, maana ni letu sote.

Asubuhi ile Assia alikuwa akimmiminia binti yao Houda chai, na mumewe Shaabani akicheka peke yake kwa mambo ya redioni. Nyumba ilikuwa na raha zake. Shaabani akainama kufunga viatu, akashindwa kuinuka.

Shaabani ni makanika, na gereji yake ina sheria moja. Hushiki spana kabla ya kujibu: umefundishwa na nani, na kwa miaka mingapi? Asiyemtaja fundi wake hurudishwa alikotoka. Hata mpwa wa Assia alirudishwa. Sheria nzuri, sivyo? Ngojeni.

Assia alimpeleka mumewe kwanza kwa Consolée wa Kamenge, mwanamke aliyesomea osteopati, ile tiba ya mgongo na viungo kwa mikono, miaka mitano. Consolée aliuliza maswali mengi. Umeanguka? Mguu unakufa ganzi? Mkojo unatoka sawasawa? Kisha akakunja uso.

"Papa Shaabani, leo mi sitakugusa. Hii ganzi ya muguu iko mubaya. Enda hospitali kwanza, wapige picha ya mugongo."

Shaabani alitoka amefura. "Nusu saa ni maswali tu! Fundi gani anaogopa kushika?"

Sikio la kufa halisikii dawa. Kesho yake alikwenda kwa Léonce, aliyekuwa ametundika kibao cha osteopati karibu na soko. Koti jeupe, na ukutani cheti chenye muhuri mwekundu ndani ya kioo. Assia alikitazama kile cheti. Akawa anazungusha pete kidoleni, anazungusha tena.

"Baba Houda, muulize basi, kama unavyouliza watu wa gereji."

"Nyamaza, Mama Houda. Dokta haulizwi."

Mnamsikia? Mtu anayechuja watu wa kufungua tairi!

Léonce naye hakuuliza kitu. Alimlaza, akampinda, mgongo ukalia kaa! Shaabani akatabasamu. Makanika huamini sikio lake, na bolti yenye kutu ikilia hivyo, ujue imeachia.

"Umesikia? Imefunguka!"

Assia hakucheka. Siku zile, usiku, alimwona mumewe akijifinya paja, akitafuta maumivu asiyapate.

Walipokwenda kwa Léonce mara ya tatu, baada ya ile kaa, Shaabani alitaka kushuka kitandani, miguu ikagoma. Suruali ilikuwa imelowa, naye hakujua.

"Assia, sisikii miguu. Miguu yangu iko wapi?"

"Itarudi tu," Léonce alisema, jasho likimtoka. "Apumuzike kidogo."

Hapo Assia alimshika koti. "We! Nani alikufundisha? Sema!"

"Mi... nilisoma siku ine, mu hoteli. Mbele ya hapo nilikuwa nakanda wachezaji wa mupira."

Siku nne! Kwa siku nne gereji ya Shaabani haimkabidhi mtu hata jeki.

Alikimbizwa hospitali, wakamfanyia upasuaji siku hiyohiyo. Daktari alisema mishipa ya fahamu ilikuwa imebanwa, na ile ganzi ndiyo iliyokuwa ikiwaonya tangu mwanzo. Mguu wa kulia ulirudi. Wa kushoto anaukokota mpaka leo, na chini ya gari haingii tena.

Juzi alikuja kijana akitafuta kazi. Shaabani, kwenye kiti chake mlangoni, alifungua kinywa aulize swali lake la siku zote. Badala yake akautazama mguu wake, machozi yakamshuka mbele ya mafundi wake. Assia ndiye aliyeuliza: "Umefundishwa na nani?"

FUNZO

Sisemi osteopati ni uongo. Wako walioisomea kwa miaka, na mikono yao imeinua wengi. Lakini koti halisomi, na cheti ukutani hakisemi kilipatikana kwa siku ngapi. Uliza alisoma wapi, miaka mingapi, chini ya nani. Anayekuuliza kabla ya kukugusa, mshukuru, na akikutuma hospitali, nenda. Gari likiharibika utanunua jingine. Mgongo ni huo mmoja.