Kikombe Chini ya Nguzo

Jioni ile Jicho alishuka chini ya daraja la zamani kwa shughuli yake ya kila siku, kupiga picha. Daraja lenyewe lilikuwa limeshafungwa kwa magari. Yeye alikuwa anaandaa maonyesho yake ya kwanza na alizitaka zile nyufa, zile nondo zilizochomoza na kutu, na michoro ya vijana iliyojaa kwenye nguzo: majina ya wapenzi, matusi, samaki mwenye meno ya mtu.

Wenzake ndio waliompa jina la Jicho, kwa kuwa aliona picha mahali ambapo wengine waliona uchafu. Jina lilimkaa vizuri, na kusema kweli lilimlevya kidogo.

Kwenye nguzo ya mwisho akakuta uso wa kijana. Ulichorwa kwa rangi ya mafuta, ile ya kupakia mageti. Mdomo umefumbwa, macho yanatazama chini. Moshi na vumbi vilikuwa vimeufifisha. Alipiga mara mbili, akatazama kamera, akasonya. Picha haikutoka.

Wapiga picha za kuta wana ujanja wao. Mchoro uliofifia ukiumwagia maji, rangi hurudi kama mpya kwa dakika chache. Jicho hutembea na chupa kwa kazi hiyo, ila siku hiyo alikuwa ameimaliza yote kwa yule samaki.

Chini ya nguzo palikuwa na kikombe cha bati. Kimejaa maji safi, kimefunikwa kwa kisahani vumbi lisiingie.

Mtu mwingine angejiuliza. Kikombe safi namna ile kinafanya nini mahali penye popo na harufu ya mikojo? Jicho hakujiuliza. Mwanga ulikuwa unamkimbia. Akafunua, akayarusha maji yote usoni kwa yule kijana.

Rangi zikafufuka. Mashavu yakang'aa, macho yakapata uhai. Akapiga, akasogea, akapiga tena, huku akijichekea.

Halafu akasikia.

Glu...

Koo. Koo kavu la mtu, likimeza kwa shida. Sauti ilitoka ndani ya nguzo.

Alishusha kamera taratibu. Maji hayakuwa yamechuruzika mpaka chini. Yaliishia mdomoni. Kuanzia kidevuni ukuta ulikuwa mkavu kabisa. Na harufu ikamjaa puani, harufu ya zege bichi, hapo ambapo hapakuwa pamejengwa kitu kwa miaka mingi.

Nyuma yake nyayo zikaburuzika kwenye kokoto. Akarudisha kikombe chini haraka, kisahani akakificha mgongoni.

Alikuwa mama mmoja mwembamba, amejifunga mtandio, mkononi ana dumu dogo la maji.

"Shikamoo, mama."

Mama alikuwa ameshakiinamia kikombe. Alikigeuza, akapitisha kidole ndani, akakuta unyevu tu.

"Amekunywa," alinong'ona.

Akaketi palepale kwenye kokoto.

"Baba, umekuwepo hapa muda mrefu?"

"Kiasi, mama."

"Basi umeshuhudia. Mwanangu leo amekunywa."

Akamweleza kwa sauti ya chini, akiwa ameshika nguzo. Kijana wake alikuwa kibarua hapa, wakati nguzo hii inaongezwa unene. Yeye mama alikuwa akiwaletea mafundi chakula. Siku hiyo kijana alimwomba maji, naye akamjibu, subiri, niwape wenzako kwanza. Kijana akarudi juu na kiu yake. Jukwaa likavunjika, akadumbukia kwenye zege lililokuwa linamiminwa. Wakubwa wa kazi walisema haliwezi kuvunjwa. Wenzake wakamchora hapo alipo.

"Tangu hapo kila jioni namletea. Kila nikija nakuta kikombe kimejaa. Namwaga, naweka mengine, najua hajanisamehe." Akainua uso, machozi yanamtiririka naye anacheka. "Leo amekunywa."

Hapo ndipo palikuwa pa kusema. Mama, nisamehe, nimeyamwaga mimi. Maneno yenyewe machache tu. Jicho ayatoe vipi mbele ya mtu anayelia kwa furaha? Aseme aliyamwaga kwa ajili ya nini, picha? Aibu ilimwasha mwili mzima. Alitamani ardhi ipasuke immeze.

"Ulimwona?" mama aliuliza.

Angeweza kusema hapana. Hata hapana ingetosha.

"Nilimwona, mama."

"Alisemaje?"

"Alisema... asante."

Mama alifumba macho. Kisha akasimama, akachukua kikombe, na dumu lake likiwa vilevile limejaa.

"Basi nimemaliza kazi. Nilijiapia kwamba siku akinywa tu, nami nitapumzika. Kama umempiga picha, niletee. Nashona nguo nyuma ya kiwanda cha mbao, ulizia tu mama cherehani."

Nyayo zake zikapotea. Jicho akabaki na kisahani mkononi.

"Maji..." ilinong'ona sauti ndani ya nguzo.

Alitoka mbio. Hakukumbuka hata kufunga begi.

Nyumbani alikunywa jagi zima, akaongeza jingine. Kiu haikusogea. Mkewe alimtazama, akauliza kama leo amelamba jiwe la chumvi pamoja na ng'ombe. Jicho akacheka kwa kujilazimisha. Hakumwambia hata mkewe.

Kesho yake mchana alibeba ndoo mpaka pale chini. Aliumwagia ule uso maji yote. Yalichuruzika hadi kwenye kokoto, wala tone moja halikubaki mdomoni. Na kutoka ndani, karibu kabisa na sikio lake:

"Si yako... Ya mama."

Akaelewa. Yale ya mama, aliyomrushia jana mpaka mdomoni, yalimwonjesha tu, yakamwamsha na kiu yake yote. Na mtu pekee wa kuituliza ni yule mama, ambaye yeye Jicho amemwaminisha kwamba mambo yameisha. Hakukuwa na njia nyingine ila kwenda kusema ukweli.

Alichapisha picha moja, akapiga moyo konde, akaenda jioni hiyohiyo.

Hakumkuta peke yake. Majirani watatu walikuwa wamekaa mkekani kando ya cherehani.

"Huyu hapa!" mama alisema, akapokea picha, akamshika mkono. "Ndiye aliyemwona. Kaa, baba. Wasimulie wenyewe."

Nyuso zote zikamgeukia. Jicho alifungua mdomo aseme lile lililomleta. Akawasimulia jinsi kijana alivyokishika kikombe kwa mikono miwili. Akaongeza kwamba alitabasamu. Majirani wakajifuta machozi, na yeye akajichukia, na akaendelea.

Alipoaga, mama alimsindikiza mpaka kizingitini, akaurudishia mlango nyuma yake. Furaha yote ikamtoka usoni.

"Baba, jana usiku niligongewa. Sauti ya mwanangu, si ya mwingine. Ananiambia, mama, maji, sijanywa." Akajivuta mtandio begani. "Nikakumbuka maneno yako. Nikasema mwanangu ameshakunywa na ameshukuru, huyu ni shetani anaiga sauti. Nikamfukuza. Nimemtukana matusi ambayo sijapata kuyatamka maishani."

Jicho hakuweza kumtazama.

"Lakini alilia. Alilia kama alivyokuwa analia utotoni." Akamsogelea. "Niambie kweli, nipate kulala. Ulimwona?"

Ndani majirani walikuwa bado wanalitaja jina la kijana, wanamshukuru Mungu.

"Nilimwona, mama. Kwa macho yangu haya."

Mama alishusha pumzi ndefu. "Mungu akubariki, baba." Akaingia, komeo likalia.

Jicho alibaki uchochoroni. Giza lilikuwa linaingia. Ile harufu ya zege bichi ikaja, nzito, ikasimama ubavuni kwake.

Mlango ukaanza kugongwa. Taratibu, kwa vidole visivyo na nguvu.

Hakuona mtu.

"Mama..."

Ndani mazungumzo yakakatika. Kisha ikaja sauti ya yule mama, kali, isiyo na shaka tena.

"Toka hapo, shetani. Mwanangu ameshakunywa."

Vidole vikaacha kugonga. Jicho akageuka, akaanza kutembea kuelekea kwake, na nyuma yake kuna mtu alikuwa anameza mate yasiyokuwepo, hatua kwa hatua, akimfuata.