Simu za Kwenye Ngazi

Walikutana kwenye msongamano wa duka la vitambaa, kila mmoja ameshika ncha ya kitambaa kilekile cha bluu. Yeye, fundi rangi, akaachia. Mshonaji, ndani ya gauni la njano lililomkaa barabara, akacheka.

"Mwanamume mzima unaachia upesi hivyo?"

Tangu siku hiyo hakumwachia tena.

Tatizo lilikuwa ngazi. Mshonaji alifanyia kazi ghorofa ya nne, na lifti ilikuwa mbovu. Mwaka uliotangulia fundi rangi alizibuliwa mshipa wa moyo, akawekewa kibomba cha wavu wa chuma ili usizibe tena. Alipopata nafuu akajiona simba: dawa akaziacha, sigara akazirudia. Sasa kifua kilimbana upya, na daktari hakumficha kitu: ndani ya kibomba panaziba, akichelewa moyo unaweza kusimama. Lakini aibu ilimuuma kuliko kifua. Angemwambiaje mpenzi wake kwamba anapendwa na mgonjwa, tena wa kujitakia?

Basi kila ghorofa alisimama, akaweka simu sikioni, akajifanya anaongea huku anavuta pumzi.

"Unamnong'oneza nani huko kwenye ngazi?" mshonaji alimuuliza, amenuna.

"Mteja, mpenzi."

"Mteja gani wa kukuhemesha?"

Jumamosi moja alishika ukuta ghorofa ya tatu, jasho linamtiririka, simu sikioni. "Sawa, kesho nitapita..." Simu ikaita. Iliita kwa kelele palepale sikioni mwake. Akainua macho. Mshonaji alikuwa juu, futi ya kupimia shingoni, simu yake mkononi.

Alitamani ardhi ipasuke immeze. Akakaa kwenye ngazi, akasema yote, macho sakafuni.

"Kumbe nimemlilia mwanamke asiyekuwepo!" mshonaji akasema. "Ungekufa, ningewaambia watu ulikuwa unaumwa nini? Simu?"

"Niliona aibu. Nilitaka nikuoe nikiwa mzima."

"Daktari alikwambia urudi lini?"

"Jana."

Mshonaji akapanda kufunga chumba chake cha kazi, akarudi, akamshika mkono, wakashuka. Ghorofa ya pili fundi rangi akaanza kuhema, akageuzia uso ukutani. Mshonaji naye akasimama, akaweka simu yake sikioni.

"Haloo, mama? Tunakwenda hospitali. Ndiyo, huyohuyo anayetaka kunioa. Tunashuka polepole, mama, hatuna haraka."

Simu haikuwa imepigwa. Fundi rangi aliliona hilo, akalia kama mtoto.