Mlangamia Juu ya Mndimu

Jumatano ile, uani kwa Florentine Nabintu, mtaa wa Kavimvira, walikuwepo wanne: Florentine mwenyewe, mjane; Olive, binti yake, aliyekuwa na macho ya manjano kwa wiki mbili; Hyacinthe, mdogo wake Olive; na mzee Ezéchiel Kibukila, mganga wa mitishamba. Mzee alikuwa ametoka kijijini Katogota na fungu la mlangamia, ule mmea utambaao, usio na mizizi ardhini wala majani, unaoishi kwa kunyonya miti mingine.

"Macho yako imekuwa kama mawese," Hyacinthe alimtania dada yake.

"Ngoja nipone, weye utaniona."

Mzee aliuloweka mlangamia katika maji baridi, na Florentine akamwogesha binti yake kwa maji hayo. Kisha mzee akaagiza: mlangamia umekwisha kunywa ugonjwa, sasa una kiu. Hyacinthe aurudishe leo hii kwenye mti wa porini, bondeni, usije ukashika kitu cha mtu. Akaaga.

Florentine aliwaza barabara ya bonde, na vijana waliochukuliwa njiani na watu wenye bunduki mwezi uliopita. Mtoto wa kiume alikuwa naye mmoja tu. Akamnyang'anya fungu, akalitupa juu ya mndimu, mti pekee uliobaki uani. Chini ya mndimu huo, siku alipoupanda, alikuwa amezika kitovu cha Hyacinthe. Hofu ilimsahaulisha.

Siku ya tatu macho ya Olive yakawa meupe. Alikula ugali na ndagala, akacheka.

Siku ya tano mndimu ulikuwa manjano tupu kwa nyuzi za mlangamia. Hyacinthe akashindwa kuinua ndoo.

Florentine alichukua kisu. Akashika uzi mmoja. Akakata.

Ndani ya nyumba, Hyacinthe alilia.

Akakata wa pili. Mwanawe akalia tena.

Alipoingia, mwanawe alinong'ona, "Mama, usikate. Iko inaniuma."

Mzee Ezéchiel aliitwa. Aliuzunguka mndimu bila kuugusa.

"Mama Olive, chini ya mti huu kuna nini?"

"Kitovu chake."

Mzee alivua kofia. Alisema kukata ni kumwua leo, kuacha ni kumwua kesho. Florentine alikitupa kisu, akaenda kuketi kando ya kitanda. Hyacinthe alikuwa ameona ni nani aliyelitupa fungu pale. Alimshika mama yake mkono tu.

Jumamosi iliyofuata, asubuhi, madirisha yote yakiwa yamefungwa, Olive alikuta uzi wa manjano umeuzunguka mguu wa kitanda cha Hyacinthe mara tatu. Ncha yake ilikuwa imechanua.

Hyacinthe Bulakali alikufa siku hiyo, saa nne asubuhi, akiwa na miaka ishirini na miwili.