Bakuli Lililotoka Kwenye Pipa la Moshi

Mfinyanzi alikutwa chali kando ya tanuri lake la umeme, glovu nene zikiwa bado mikononi, koleo lake la chuma limeangukia ndani ya tanuri. Aliyemkuta ni mdogo wake wa kike, aliyepita kumletea chakula cha mchana. Hakupiga kelele. Alimvuta dada yake pembeni, akamkandamiza kifua mpaka pumzi ikarudi, akaita gari la wagonjwa na kupanda naye.

Alasiri alirudi karakanani, nyuma ya nyumba, akamkuta inspekta wa kike akimsubiri. Wenzake walimwita Sindano kwa sababu maswali yake yalikuwa membamba na yalichoma.

"Niambie ulichokiona, si ulichokifikiria."

"Taa za nyumba nzima zilikuwa zimezimika, afande. Tanuri liko wazi. Nje hapo, pipa limefunikwa, linafuka moshi."

"Pipa la nini?"

"La maranda. Dada huchoma raku. Chombo kinatolewa tanurini kikiwa chekundu kama kaa, kinatumbukizwa kwenye maranda, kinafunikwa. Moshi ndio unaochora ile mistari myeusi kwenye rangi."

"Na umeme?"

"Unazimwa kwanza, kabla koleo halijaingia. Ukigusa koili, zile nyaya za joto za tanuri, kwa chuma zikiwa na umeme, umekwisha. Dada hana mzaha na hilo. Hata mimi hunifukuza nikisogea na kandambili."

Sindano aligeukia ukutani. Swichi kuu ya tanuri ilikuwa imeshushwa. Mfinyanzi alizima umeme, kisha umeme ukampiga. Alichungulia tanurini. Mabakuli mawili yalikuwa yamepoa humo humo, meupe, bila mstari hata mmoja. Akatoka uani, akafunua pipa. Maranda yalikuwa yameungua yakawa meusi, na katikati palikuwa na shimo la mviringo. Chombo hakikuwamo.

"Ulikitoa wewe?"

"Mimi? Na dada yangu anakata roho?"

Fundi umeme aliyefunga swichi ile aliletwa akiwa amenuna. Wiki iliyopita yeye na mfinyanzi walirushiana maneno mpaka majirani wakatoka nje.

"Alisema kazi yako ni ya ovyo," Sindano alianza.

"Alisema waya zimepinda. Zilipinda kweli, nikazinyoosha. Ndiyo nimuue?"

"Fungua hilo boksi la swichi."

Fundi akahakikisha kwanza umeme wa nyumba nzima bado umekatika, akafungua skrubu. Alipochungulia ndani uso ulimbadilika. Kipande cha waya kilikuwa kimeunganishwa kutoka upande mmoja wa swichi hadi wa pili. Hata ukiishusha, umeme uliendelea kupita kama kawaida.

"Huu si mkono wangu, afande! Tazama alivyofunika maungio. Huu ni utepe wa gundi wa kahawia, wa kufungia maboksi. Nani anafunga umeme kwa utepe wa maboksi? Ingekuwa si kikata umeme cha nyumba kujikata chenyewe, leo tungekuwa msibani."

"Nani mwingine anajua swichi hii inavyofanya kazi?"

"Niliwaelekeza wote wawili siku ya kwanza, mwenyewe na wifi yake. Wifi ndiye aliyeuliza maswali mengi."

Sindano alimtazama yule mdogo.

"Ni dada wa shemeji yangu," alieleza. "Wanamwita Msanii. Maonyesho yake yanafunguliwa leo jioni."

Ukumbi wa maonyesho ulinukia rangi mpya. Msanii aliwapokea Sindano na yule mdogo mlangoni kwa macho mekundu.

"Wifi yangu jamani! Nimesikia kwa simu. Nipo hapa tangu asubuhi, nimeshindwa hata kwenda hospitali."

"Hukufika karakanani leo?"

"Hata kidogo."

Kwenye stendi ya katikati, peke yake, lilikaa bakuli la buluu lenye mistari myeusi kama utando wa buibui. Kando yake kadi ilisomeka jina la Msanii.

"Zuri," alisema Sindano. "La lini hili?"

"Nililichoma mwezi uliopita."

"Naomba tunyamaze kidogo."

Walinyamaza. *Ting.* Kimya. *Ting, ting.* Sauti nyembamba, kama kijiko kinachogusa glasi chumba cha pili.

Yule mdogo alishika mdomo. "Linalia! Bakuli la raku linalia hivyo likiwa limetoka motoni siku hiyo hiyo, rangi bado inapasuka. La mwezi mzima haliwezi."

Sindano aliweka kiganja juu ya bakuli. Bado lilikuwa na uvuguvugu. Kwa mguu akasukuma boksi tupu lililokuwa chini ya stendi, limefungwa kwa utepe uleule wa kahawia.

"Ulifika kuangalia kama mtego umenasa," alisema. "Ukakuta gari la wagonjwa limeshaondoka na pipa linafuka. Ungeondoka tu, nisingekuwa na la kukuuliza. Kwa nini ulilichukua?"

Msanii alikaa sakafuni. Sauti yake ilipotoka ilikuwa ya mtu aliyechoka.

"Kwa sababu ni zuri kuliko yote. Miaka yote yeye anafinyanga, mimi naongea na watu. Yeye haya, mimi mdomo. Tulikubaliana jina liwe langu. Juzi akaniambia, 'Wifi, safari hii jina langu.' Mbele ya wageni wote wa leo! Ningekuwa nani mimi?"

"Ungekuwa wifi yake," alisema yule mdogo. "Haikutosha?"

Askari waliokuja na Sindano walimtoa Msanii kwa mlango wa nyuma, maana mbele wageni walikwishaanza kuingia.

Simu ya yule mdogo ikaita. Alisikiliza, akaegemea ukuta, machozi yakamtoka huku anacheka. "Ameamka. Kaomba maji, kisha akamgombeza muuguzi kwa kumkatia glovu zake."

Alijifuta uso, akaomba kalamu kwa Sindano. Aligeuza ile kadi, na kwa herufi kubwa akaandika upande wake mweupe jina la dada yake.