Kinanda cha Marehemu Wohlrab

Mchana mmoja wa theluji, kule Olomouc, rafiki yangu Severin Hanak alikwenda kuchukua kinanda cha marehemu Kryspin Wohlrab. Mjane wake, Apolonia, alikuwa amekubali kumwazima kwa ajili ya tamasha la Jumapili. Hakujua kwamba sonata iliyotangazwa kwa jina la Severin ilitungwa na mumewe.

"Shemeji, si wewe uliyekuwa ukimcheka?" alisema Apolonia akichochea jiko. "Eti anatikisa kidole kama mzee mwenye homa."

Severin alitabasamu kwa shida. Wohlrab alipenda sauti moja ndefu, yenye kutetemeka, na kinanda kile kidogo kiliiweza. Kidole kikitikisika juu ya kibonye, sauti nayo hutetemeka. Kikiinuka, hukatika papo hapo.

"Nasikia siku hizi nawe unatunga nyimbo za polepole. Umejifunza kwake?"

Hapo angeweza kusema kweli.

"Hapana," akajibu. "Ni zangu mwenyewe."

Apolonia akatoka kwenda kutafuta kamba ya kukifungia. Chumba kilikuwa kimeingia giza la mawingu. Severin alipoinama kukiinua kinanda, alisikia chini ya kifuniko sauti moja nyembamba ikitetemeka. Alisubiri ife. Haikufa.

Akafunua. Vibonye vyote vilikuwa juu, isipokuwa kimoja cha katikati. Kilikuwa kimezama, kikitikisika taratibu, na vumbi lililokuwa juu yake lilikuwa limefutika upana wa ncha ya kidole.