Mkubwa Kwanza

Kuta za hospitali ya Chuo Kikuu cha Unyanyembe ziligeuka kijani, na kila aliyekuwa ndani akajua kwamba jengo zima limeingia mikononi mwa Nyamizi. Roboti za dawa zilisimama kidogo kwenye korido, zikapokea amri mpya, zikaendelea na safari. Pampu, lifti, taa na vitanda vyote sasa viliomba umeme kwa mfumo endeshi ulioandikwa na msichana huyo wa mwaka wa tatu. Mfumo huo ndio uliokuwa unaamua nani apewe na nani angoje.

Hivyo ndivyo Dokta Mbonea alivyofundisha Mifumo Endeshi. Mitihani ya karatasi aliwaachia wengine. Mwisho wa muhula yeye alikukabidhi jengo lenye watu, akakata nusu ya umeme, akavuta kiti akakaa kukutazama. Ukivuka salama unakwenda kuandika mifumo ya vituo vya angani. Ukibonyeza kitufe chekundu ili mfumo wa zamani urudi, umefeli na unarudia mwaka.

Nyamizi hakuwa na wasiwasi, na awe nao wa nini? Wenzake walihangaika na kanuni za vitabuni: aliyewahi apewe kwanza, mwenye kazi fupi atangulizwe. Yeye alikulia Tabora, katika nyumba ambamo mtoto hagusi wali kabla babu hajanawa mikono. Akaandika kanuni moja tu. Maombi yakigongana, mfumo uangalie umri wa mgonjwa, mkubwa apewe kwanza.

"Yaani wewe hata umeme unautia adabu," Lwitiko, mwenzake wa darasani, alimtania.

"Na utanyooka," alijibu.

Ukanyooka kweli. Ilikuwa siku ya kliniki ya wazee, wamefurika, na kila mmoja aliwekwa kwenye mashine yake kabla hajamaliza kusalimiana na jirani. Ubao mkuu ulionyesha wastani wa kungoja, nao ulikuwa mdogo kuliko wa mwanafunzi yeyote aliyepita hapo. Dokta Mbonea, mtu mgumu wa kusifu, alikuwa anatabasamu waziwazi.

"Bado kidogo tu, binti," alisema. "Kule angani wanakusubiri."

Nyamizi alijisikia raha mwili mzima. Kwa raha hiyohiyo akafungua orodha ya wanaongoja, ajionee ilivyo fupi. Chini kabisa palikuwa na ombi moja la tangu asubuhi. Kila lilipokaribia kupewa, mzee mwingine aliingia mlangoni na kulisukuma nyuma. Lilitoka wodi ya wazazi, kwenye kitanda-joto cha mtoto aliyezaliwa kabla ya wakati. Umri wa mgonjwa: siku mbili.

Akainua macho kwenye ubao mkuu. Ubao ulikuwa bado kijani, kwa sababu kwa mfumo wake kungoja hakukuwa kosa. Mtihani ulikuwa unakaribia kwisha, na tusidanganyane, alitamani kuuacha uishe. Akabonyeza kitufe chekundu.

Kuta zikarudi kuwa nyeupe. "Umefeli," Dokta alisema, ameduwaa. "Ubao haukuwa na tatizo lolote."

"Najua, Dokta." Alikuwa ameshafika mlangoni, anakimbia.

Wodini alimkuta mama kijana aitwaye Sikudhani amemkumbatia mwanawe kifuani, ngozi kwa ngozi, amejifunika khanga mbili. Muuguzi Kalunde, aliyefika muda huohuo, alikuwa anasugua vidole vya mtoto, ambavyo rangi ya samawati ilikuwa inaanza kuviacha.

"Joto linapanda," muuguzi alisema. "Atakuwa sawa."

"Dada, kitanda kimekuwa baridi tangu asubuhi," Nyamizi alimwambia mama huyo, akihema. "Kwa nini hukuita mtu?"

"Kiliandika ningoje," Sikudhani alijibu. "Nikachungulia koridoni, nikaona wazee ndio wanahudumiwa. Nikaona si vizuri kuwakatiza watu wazima. Nikamfunika mwanangu, nikasema zamu yetu itafika."

"Isingefika, dada. Huo mfumo nimeuandika mimi." Machozi yalimtoka na hakuyaficha. Aliona aibu, na zaidi ya aibu aliogopa.

Sikudhani aliirekebisha khanga mabegani. "Basi kaandike upya," alisema.

Kesho yake Nyamizi alikuwa ofisini kwa Dokta Mbonea, kujiandikisha somo lilelile. Alama zake hazikubadilishwa, naye hakuomba.

"Sasa heshima kwa wazee unaifuta?" Dokta aliuliza.

"Hapana, Dokta. Mkubwa kwanza inabaki palepale. Ila anayengoja anakua. Kila sekunde anayokaa kwenye foleni, mfumo unamwongezea mwaka mmoja wa umri."

Dokta alipiga hesabu kichwani, midomo ikichezacheza. "Kwa hiyo kichanga akiachwa dakika moja na nusu..."

"Anakuwa bibi kizee wa miaka tisini," Nyamizi alisema, "na wote waliokuja nyuma yake wanampisha."